Paneli safi, anga chafu: vumbi la jangwani linavyougeuza mwanga wa jua

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, sasa nafanya kazi za sola huku Oman. Mwezi wa sita tuliosha paneli zote. Kesho yake saa sita mchana hakukuwa na hata wingu moja, lakini umeme ulikuwa pungufu kuliko wiki mbili kabla, tena wakati ule paneli zilikuwa bado chafu. Msimamizi akasema hatukuosha vizuri. Anga lilikuwa jeupe, jua linaonekana, joto kali. Je, vumbi la hewani linaweza kuzuia jua kiasi hicho? Kama linaweza, mbona joto halipungui? Na zile paneli zinazolifuata jua tuzielekeze wapi siku kama hizo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nikupe kwanza jibu fupi la kwenda nalo kazini: ndiyo, vumbi la hewani linaweza kuwapunguzia umeme hata kama paneli zinang'aa, na siku mbaya za shamali, ule upepo wa kaskazini-magharibi unaobeba vumbi, upungufu huo si mdogo. Ila ujue kwamba mwanga mwingi unaokutana na vumbi haupotei. Unageuzwa njia tu. Maswali yako yote matatu yanajibiwa na jambo hilo moja, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Nje ya angahewa, kila mita ya mraba inayolitazama jua hupokea wati 1361 hivi. Mchana wa anga safi, zinazofika chini ni kama 1000. Nyingine zimefyonzwa na mvuke wa maji na ozoni, nyingine zimetawanywa na molekuli za hewa yenyewe. Molekuli ni ndogo mno zikilinganishwa na wimbi la mwanga, na vitu vidogo kiasi hicho hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mara nne kuliko mwekundu. Anga la Tanga baada ya mvua linakuwa buluu kwa sababu hiyo: mvua imeshusha chini uchafu, zimebaki molekuli zikifanya kazi yao.

Vumbi la jangwani lina tabia nyingine. Chembe zake nyingi zinazoweza kukaa hewani siku kadhaa zina upana wa mikromita 1 hadi 10 hivi, ilhali mwanga tunaouona una mawimbi ya mikromita 0.4 hadi 0.7. Chembe ikishakuwa kubwa kuliko wimbi, haichagui rangi tena. Buluu, kijani, nyekundu, zote hutawanywa karibu sawa, na mchanganyiko wa rangi zote machoni ni weupe. Ukiona umanjano au wekundu wakati vumbi limezidi, hayo ni madini ya chuma yaliyomo ndani yake, hematiti na goethiti, ambayo hufyonza buluu na mionzi ya urujuanimno na kuuachia mwanga mwekundu upite. Vumbi la kila jangwa lina kipimo chake cha chuma, kwa hiyo hata rangi ya dhoruba hutofautiana kutoka nchi hadi nchi.

Chembe hizo kubwa zina tabia moja zaidi, na fundi ndiye hasa anayepaswa kuijua: mwanga mwingi zinautupa mbele, karibu na kule ulikokuwa unaelekea tangu mwanzo. Kama umewahi kuingia kwenye mashine ya kusaga unga asubuhi, jua linapenya dirishani, umeliona jambo hili. Ukitazama kuelekea dirishani, unga ulio hewani unang'aa. Ukilipa dirisha mgongo, karibu usiuone. Angani ni hivyohivyo. Siku ya vumbi kunatokea duara pana la mng'ao kulizunguka jua, na huhitaji chombo kuliona: simama mahali ambapo kona ya jengo inalificha jua lenyewe, kisha tazama anga la pembeni yake. Siku safi, buluu inafika karibu kabisa na ukingo wa jengo. Siku ya vumbi, pembeni ya jengo panaumiza macho. Kisha tazama kivuli chako ardhini. Kingo zikiwa zimefifia, na kivuli chenyewe kikiwa cha kijivu badala ya cheusi, sehemu kubwa ya mwanga inakufikia kutoka kila upande wa anga, na miale inayotoka moja kwa moja kwenye jua imepungua.

Sasa tuje kwenye kiasi. Wapimaji huueleza wingi wa chembe zilizo hewani kwa namba inayoitwa kina cha kioptiki. Jua likiwa utosini, kina cha 0.1 huacha asilimia 90 ya miale ya moja kwa moja. Kina cha 0.5 huacha 61. Kina cha 1 huacha 37, na kikifika 2 hazibaki hata 14. Hapo jua liko utosini. Likishuka mpaka nyuzi 30 juu ya upeo, mwanga hupita njia ndefu mara mbili ndani ya hewa ileile, kwa hiyo vumbi la 0.5 linauma kana kwamba ni 1. Ndiyo maana siku hizo mtaona uzalishaji wa asubuhi na jioni umebanwa zaidi kuliko wa mchana.

Katika eneo la Ghuba, kina cha 0.3 mpaka 0.5 wakati wa kiangazi ni hali ya kawaida tu, na dhoruba inapopita hupanda juu ya 1. Hayo hupimwa kwa vyombo vinavyolitazama jua lenyewe, vya mtandao uitwao AERONET ulioanzishwa na NASA miaka ya 1990, na baadhi ya vituo vyake vimewahi kuwekwa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Vumbi lenyewe, mwezi wa sita na wa saba, sehemu kubwa huletwa na shamali kutoka uwanda wa mito ya Hidekeli na Frati huko Iraki. Msisahau na jangwa la Rub' al Khali, ambalo kwenu ni jirani wa mlango wa pili.

Tufanye hesabu ya mfano. Siku safi, jua karibu na utosi, tuseme miale ya moja kwa moja inaleta wati 900 na mwanga uliotawanyika unaleta 100. Jumla 1000. Lete vumbi la kina cha 0.5: miale inashuka mpaka kama 550, lakini mwanga uliotawanyika unapanda mpaka kama 320. Jumla 870. Yaani miale imepoteza karibu sehemu mbili kati ya tano, kwa maana ya wati 350 kati ya 900, lakini paneli iliyolala imepoteza moja ya nane tu. Ongeza vumbi mpaka 1, na jumla itakaribia 760, pungufu ya robo. Siku ile mliyotoka kuosha, kama shamali ilikuwa imeingia usiku, moja ya nane au hata robo iliyopotea inaelezeka bila kumgusa mtu aliyeshika brashi.

Ona pia kwamba paneli ya kawaida ina bahati. Haijali mwanga umetoka upande gani. Mwanga ukigusa kioo chake, inakula. Mitambo ya vioo ndiyo yenye shida. Vioo vinavyokusanya jua kwenye bomba au kwenye mnara vinaweza kutumia miale ya moja kwa moja peke yake, na mwanga uliotawanyika kwao ni sawa na bure. Kule Madinat Zayed, Abu Dhabi, mtambo wa Shams 1 wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 ukiwa na vioo zaidi ya 250,000. Vumbi la hewani lilikuwa limeifanya miale kuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni, ikabidi uwanja wa vioo upanuliwe ili uwezo uleule upatikane. Zaidi ya hapo, hata chombo kinachopima miale kinaweza kumdanganya mhandisi. Kipimo cha kawaida cha miale hutazama kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 5, wakati jua lenyewe lina nusu nyuzi. Ule mng'ao unaolizunguka jua siku ya vumbi chombo kinauhesabu kama miale halali, lakini kioo kinashindwa kuulenga wote kwenye bomba. Karatasi inasema umeme upo, bomba linasema haupo.

Kwenu Oman kuna mradi ninaoupenda kwa ukaidi wake. Miraah, kwenye visima vya mafuta vya Amal, vioo vimewekwa ndani ya mabanda ya kioo yanayofanana na yale ya kulimia mboga. Kazi yake ni kutengeneza mvuke wa kuyalainisha mafuta mazito yaliyo chini ya ardhi. Banda linavikinga vioo na upepo na vumbi linalotua, na paa lake huoshwa na mashine. Ufumbuzi mzuri, ila ni kwa tatizo moja kati ya mawili. Vumbi lililo juu ya paa, kilomita nzima kwenda juu, banda haliligusi. Ule mtambo wa Ibri II wa megawati 500, uliozinduliwa mwaka 2022, ni wa paneli za kawaida, na kwa anga la huko sioni kwamba walikosea kuchagua.

Nichomekee jambo moja hapa, maana linaniudhi kila ninaposoma matangazo ya wauzaji wa sola. Jangwa na jua bora si kitu kimoja. Atacama ya Chile inaongoza dunia kwa mwanga unaofika ardhini kwa sababu iko juu, hewa yake ni kavu, na vumbi lake angani ni haba. Bonde la Bodélé nchini Chad nalo ni jangwa, na ndilo linalorusha vumbi jingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Uchunguzi wa setilaiti wa NASA uliotolewa mwaka 2015 ulikadiria kuwa tani milioni 182 za vumbi la Sahara hutoka pwani ya magharibi ya Afrika kila mwaka, na tani milioni 27.7 kati ya hizo hutua kwenye bonde la Amazon. Mtu anayepanga kufunga vioo vya kukusanya jua mahali penye njia ya vumbi la namna hiyo, akiwa ameangalia idadi ya siku zisizo na mawingu peke yake, atakuja kulia.

Sasa joto. Hapa watu wengi wanakwama, na ni haki yao, kwa sababu mambo mawili yanayokinzana hutokea kwa pamoja. Mchana, vumbi kweli hupunguza nishati inayofika ardhini, na dhoruba nzito ikipita ardhi hupoa kidogo. Lakini sehemu ya mwanga ambayo vumbi limeifyonza haikwenda popote. Imeipasha moto hewa ileile unayoivuta. Kisha chembe hizo hufyonza joto linalopanda kutoka ardhini na kulirudisha chini, mchana na usiku, ndiyo maana usiku wa vumbi haupoi kama usiku wa nyota. Juu ya bahari, ambayo ni nyeusi, vumbi hurudisha angani mwanga ambao maji yangeumeza, na jumla yake ni kupoza. Juu ya mchanga mweupe wa jangwa faida hiyo hupotea, kwa sababu mchanga wenyewe ulikuwa unarudisha mwanga mwingi tayari, na vumbi lenye madini ya chuma linaweza kuishia kuiongezea angahewa joto. Mwishowe kuna shamali yenyewe, inayofika kwenu ikiwa imepita juu ya mamia ya kilomita za ardhi iliyoungua. Na kukaa kivulini hakukusaidii kama ulivyozoea, kwa sababu mwanga unakufuata kutoka kila pembe ya anga.

Kama mko upande wa pwani, Suhar au Batina, ongezeni unyevu kwenye hesabu. Kule weupe wa anga mara nyingi si vumbi peke yake. Chembe ndogo za salfeti kutoka viwandani, melini na mitambo ya mafuta hufyonza maji ya hewani, zikavimba, zikatawanya mwanga mara kadhaa kuliko zilipokuwa kavu. Wataalamu huzitofautisha na vumbi kwa kipimo kilichotokana na kazi ya Msweden Anders Ångström ya mwaka 1929: wanapima jinsi kila rangi ilivyopunguzwa. Rangi zikipungua sawasawa, namba inakuwa karibu na sifuri, na hilo ni vumbi. Buluu ikipungua sana kuliko nyekundu, namba inapita 1, na huo ni moshi au hewa ya viwanda. Wewe unaweza kukisia kwa macho wakati wa magharibi. Siku ya vumbi zito, jua hufifia, likawa duara la rangi ya fedha au manjano iliyopauka, likatoweka kabla halijagusa upeo. Siku ya chembe ndogo huzama likiwa jekundu.

Nirudi kwenye msimamizi wako, maana naona hapo ndipo penye moto. Kuna vumbi la angani na vumbi la kwenye kioo, na dawa ya moja haiponyi jingine. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua umetoka sayari ya Mirihi (Mars). Mwezi wa sita mwaka 2018, dhoruba iliyozunguka karibu sayari nzima ilikifikisha kina cha kioptiki juu ya gari la utafiti la Opportunity mpaka 10.8. Kwa hesabu ya pale juu, miale ya moja kwa moja iliyobaki ni kama sehemu 2 kati ya 100,000. Gari likazimika, halikuamka tena. Chombo kingine, InSight, kilikufa mwishoni mwa mwaka 2022 kwa vumbi lililojirundika polepole kwenye paneli zake kwa miaka minne. Cha kwanza hata kingefutwa paneli kila saa kisingepona. Cha pili kufutwa mara moja tu kungekirudishia uhai.

Nyinyi mna magonjwa yote mawili. Katika nchi za Ghuba, msimu wa vumbi, paneli isiyooshwa kupoteza nusu asilimia ya umeme kwa siku, au hata asilimia nzima, si jambo la ajabu. Umande wa alfajiri hulilowesha vumbi hilo, jua likalikausha, likashika kioo mpaka brashi kavu hailiondoi. Na kuna jambo la tatu ambalo halihusiani na vumbi lakini huchanganywa nalo: paneli hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya selsiasi juu ya 25. Paneli iliyofika nyuzi 65 mchana wa Juni imepoteza asilimia 12 hadi 16 hata kama anga ni safi na kioo kinang'aa.

Kuyatenganisha haya si kazi ya kubishana. Kila mtambo mkubwa una kipima mionzi kilichowekwa kwa mlalo uleule wa paneli, na kimoja kingine cha joto mgongoni mwa paneli. Chukua umeme wa saa sita ya siku ile, ugawe kwa mionzi iliyopimwa saa hiyohiyo, urekebishe joto. Fanya vivyo hivyo kwa siku ya wiki mbili kabla. Kama uwiano umepanda baada ya kuosha huku mionzi yenyewe imeshuka, mliosha vizuri na anga ndilo lililowaangusha. Kama mionzi ni ileile lakini uwiano umeshuka, basi msimamizi ana haki na mrudi na maji. Sharti moja tu: kipima mionzi chenyewe kiwe kimefutwa kioo chake asubuhi ile. Nimeona mahali ambapo paneli huoshwa na kipimo kinasahaulika, na kwa kuwa kipimo kichafu husoma mionzi midogo kuliko iliyopo, mtambo ukaonekana mzuri kuliko ulivyo. Kama hamna kipimo, acheni safu moja bila kuoshwa na mwilinganishe na jirani yake iliyooshwa, zote zikiwa na inveta (vifaa vinavyoubadili umeme wa paneli) za aina moja. Tofauti ya safu hizo mbili ni uchafu wa kioo. Kinachopungua kwa safu zote mbili kwa pamoja ni anga na joto.

Swali lako la mwisho, paneli zinazolifuata jua. Vumbi likiwa la wastani, ziacheni zifuate jua kama kawaida, kwa sababu ule mwanga uliotawanyika bado umerundikana upande wa jua. Vumbi likiwa zito kiasi kwamba kivuli chako hukioni kabisa, kuzilaza kuelekea juu hupata anga pana zaidi, na mnaweza kuchuma kidogo. Kidogo tu, msitegemee miujiza. Faida kubwa iko usiku: zikisimamishwa wima kadiri mtambo unavyoruhusu, vumbi hutua kidogo na umande huwa mchache, kwa hiyo hakuna tope la kukauka asubuhi. Lakini shamali ikianza kuvuma kwa nguvu, achaneni na hesabu ya vumbi, fuateni mkao wa upepo ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa mitambo mingi ni kulala. Vumbi mtaliosha kesho. Mhimili uliopinda utasubiri vipuri kwa miezi.